Pingi inaruka 600 kila baada ya Isha: ninunue bando, VPN au simu mpya?

"Assalaam alaykum kaka. Nipo Wete, Pemba. Tuko vijana watano, tunacheza Mobile Legends, ile gemu ya simu ya watano kwa watano, barazani kwetu kila siku baada ya Isha. Natumia simu yangu kama hotspoti na wenzangu wote wanaunga kwangu. Asubuhi nikicheza peke yangu pingi ni milisekunde 95 mpaka 110, imetulia. Usiku inakaa 180, halafu ghafla inaruka 600, hiro wangu anaganda, na akizinduka keshakufa. Nikipima kasi ya intaneti napata 18 Mbps hata usiku, kwa hivyo naona bando si tatizo, lakini watu wananiambia ninunue kubwa zaidi. Kaka yangu, aliyekuwa akicheza DotA miaka ile kwenye kompyuta, anasema mtu mmoja mwenye mtandao mbovu huwagandisha wote, na wenzangu wananilaumu mie. Wengine wanasema seva zinatuonea Waafrika, na kweli kila nikikaribia kupanda ranki napewa timu mbovu. Nimeshauriwa pia niweke VPN, ile programu ya kuipitisha data kwenye seva nyingine, au ninunue simu mpya, maana hii yangu inapata moto sana na mgongo wake umeanza kuinuka kidogo. Baada ya Idi kuna mashindano Chake Chake. Pesa ninayo ya kitu kimoja tu. Ninunue nini?"

Waalaykum salaam, mdogo wangu. Swali lako ni la pingi, lakini kuna jambo umelitaja mwishoni kwa kupita tu, nami sina budi kulitanguliza. Simu inayopata moto na ambayo mgongo wake umeinuka, dalili yake kubwa ni betri iliyovimba. Ndani ya betri ya lithiamu, kemikali zikiharibika kwa joto au uchakavu hutoa gesi, na gesi haina pa kutokea, hivyo inasukuma mfuniko. Betri ya namna hiyo inaweza kuwaka moto. Leo hii izime, usiiweke kwenye chaji, usijaribu kuubana mgongo urudi mahali pake, na wala usiitoboe. Usilale nayo kitandani. Iweke mahali pasipo kitu cha kushika moto, kisha uipeleke kwa fundi anayeaminika. Betri mpya ni rahisi kuliko simu mpya, na kwa maoni yangu pesa yako ya kitu kimoja mahali pake pa kwanza ni hapo, kabla ya bando na kabla ya VPN.

Sasa tuje kwenye pingi, ukiwa na simu salama mkononi.

Umenipa jambo ambalo wengi wanaoniuliza hawanipi: namba za asubuhi na za usiku. Namba hizo zinaeleza nusu ya habari. Asubuhi uko Wete, usiku uko Wete. Seva nayo iko pale pale ilipokuwa asubuhi. Masafa hayakubadilika hata kwa hatua moja, basi masafa hayawezi kuwa ndiyo sababu ya pingi kutoka 100 kwenda 180, sembuse 600. Kilichobadilika baina ya asubuhi na usiku ni watu: wale waliojiunga na mnara wa simu pale mtaani baada ya swala, na wale wanne waliounga kwenye hotspoti yako. Ukitazama vizuri una matatizo mawili, si moja. Lile la kukaa 180 muda wote lina sababu yake, na lile la kuruka 600 lina sababu nyingine. Nitayatenganisha, lakini kwanza tukubaliane pingi ni nini, maana hapo ndipo ushauri wa bando kubwa unapopotea njia.

Pingi ni muda wa kwenda na kurudi. Simu yako inatuma pakiti ndogo kwa seva, seva inajibu, na saa inahesabu milisekunde zilizopita. Ile 18 Mbps unayoipima ni kitu kingine kabisa: ni kiasi cha data kinachoweza kupita kwa sekunde. Fikiria boti mbili zinazotoka Mkoani kwenda Unguja kwa mwendo sawa, moja inachukua abiria mia na nyingine mia tano. Ya pili inavusha watu wengi zaidi, lakini wewe uliyemo ndani unafika bandari ya Malindi pale Unguja saa ile ile. Mechi ya Mobile Legends ni abiria mmoja. Inatuma amri fupi fupi: nimesogea huku, nimerusha skili ile, nimemlenga huyu. Mechi nzima inakula data ndogo kuliko video unayoitazama kwa dakika chache. Kwa hiyo 18 Mbps zinakutosha na kubaki, na mtu akikuuzia 50 Mbps pingi yako haitoshuka kwa sababu hiyo peke yake. Umesema bando si tatizo, na hapo uko sahihi.

Masafa yenyewe yana kiwango ambacho hakuna pesa inayoweza kukishusha. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo za mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Hesabu yake ni nyepesi: kila kilomita 100 baina yako na seva zinakugharimu angalau milisekunde 1 ya kwenda na kurudi. Kutoka visiwani kwetu mpaka Johannesburg kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 2,500, yaani hata mtandao ungekuwa mkamilifu usingepata chini ya 25. Dubai ni karibu kilomita 3,900, chini kabisa 39. Frankfurt ni kama 6,900, na Singapore inapita 7,000, huko ni 69 na zaidi. Na mikongo hailali kwa mstari ulionyooka. Inazunguka pwani, inapanda nchi kavu, inapita kwenye mitambo ya kubadilishia njia, na kila mtambo unaongeza chake. Ndiyo maana 95 mpaka 110 yako ya asubuhi ni namba nzuri kwa mtu wa Pemba anayecheza kwa data ya simu. Isikuumize roho kwamba jamaa wa nchi yenye seva mlangoni anacheza kwa 15.

Mikongo yenyewe nayo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini kusini mwetu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama zile data inayobaki hupelekwa kwa njia za mzunguko, na pingi ya gemu hupanda kwa kila mtu bila kujali kampuni ya simu wala aina ya simu. Siku ukiona pingi imeharibika mchana kutwa kwa mitandao yote, uliza kwanza kama kuna mkongo uliokatika kabla hujaanza kununua vitu.

Tuingie sasa ndani ya gemu yenyewe, ili ujue kwa nini hiro "akizinduka keshakufa".

Katika gemu nyingi za watano kwa watano, mechi halisi haichezwi ndani ya simu yako. Inachezwa ndani ya seva. Simu yako ni dirisha na rimoti. Ukigusa kitufe cha skili, simu haiamui kwamba skili imetoka, inaomba. Seva ndiyo inayoangalia kama una mana (akiba ya nguvu za kutumia skili), kama muda wa kupoa umekwisha, kama adui yuko ndani ya masafa, kisha inaamua na kuwatangazia wachezaji wote kumi. Nayo haiamui mfululizo kama maji yanavyotiririka. Inaamua kwa mapigo. Dota 2 na League of Legends, gemu za aina hii za kwenye kompyuta, seva zake hupiga mara 30 kwa sekunde, maana yake kila baada ya milisekunde 33 hivi inakusanya maombi yaliyofika, inayapima, na kutoa hali mpya ya uwanja. Ombi likichelewa kidogo tu linasubiri pigo linalofuata.

Simu nayo, ili wahiro waonekane wanatembea laini na si kurukaruka, inachukua taarifa za mapigo mawili na kuchora mwendo wa katikati yake. Kwa hiyo adui unayemwona kwenye kioo ni adui wa muda mfupi uliopita. Pingi ikiwa 100 iliyotulia, ubongo wako unazoea pengo hilo bila wewe kujua. Unarusha mbele kidogo ya mtu na inampata. Pakiti zisipofika kabisa kwa nusu sekunde, simu haina cha kuchora. Hiro anaganda kwenye kioo chako, lakini kwenye seva mechi inaendelea na yeye amesimama palepale akipigwa. Pakiti zikirudi, simu inaonyesha hali ya sasa kwa mkupuo: umeshakufa. Hujaonewa. Umekosa kuona tu.

Wanaocheza msituni wanaujua uchungu huu kuliko wengine. Lord, lile dude kubwa ambalo timu zote mbili hulitaka, akibakiwa na damu (uhai) kidogo, wewe na adui mnasubiri wakati mmoja wa kupiga Retribution, ile skili ya kummalizia. Wa pingi 40 anaona damu imeshuka na ombi lake linafika. Wewe wa 180 umeiona damu ile baadaye na ombi lako limechelewa tena njiani. Hapo ustadi wa kidole hausaidii sana. Ukijua una 180, usisubiri mpaka damu ifike kwenye kiwango chenyewe. Bonyeza mapema kidogo kwa kukadiria kasi ambayo Lord anapigwa, au kubaliana na wenzako kwamba kwanza mnamfukuza mwindaji wa upande wa pili ndipo mguse Lord.

Sasa hoja ya kaka yako. Hakukudanganya, anakumbuka gemu nyingine. DotA ya awali ilikuwa ramani iliyotengenezwa na wachezaji ndani ya Warcraft III, nayo ilianza mwaka 2003. Warcraft III haikuwa na seva inayoamua mechi. Kila kompyuta ilikuwa ikiendesha mechi nzima yenyewe, na zote zilitakiwa kupiga hatua kwa pamoja: hakuna anayesonga kwenye hatua inayofuata mpaka amri za wote zimefika. Mmoja akichelewa, kisanduku kinatokea kwenye vioo vya wote kwamba mchezaji fulani anasubiriwa, na mechi inasimama. Mfumo ule ulikuwa na ubaya mwingine pia: kwa kuwa kila kompyuta ilikuwa na habari zote za uwanja, walaghai walitengeneza programu za kuondoa giza la ramani na kuwaona maadui waliojificha. Leo Dota 2 na League of Legends zinaamuliwa na seva, na seva inaweza kumnyima mchezaji habari za adui asiyemwona. Katika mfumo huu mwenye mtandao mbovu anaumia mwenyewe na timu yake inapungukiwa mtu, lakini pingi yake haipandishi ya mwenzake aliye mji mwingine.

Ila wenzako barazani wana haki kidogo ya kulalamika, kwa sababu nyinyi hamko miji tofauti. Nyote mnapita mlango mmoja, ambao ni simu yako. Hapa ndipo ilipo ile 600, na naomba usome sehemu hii taratibu.

Muunganisho wa simu una njia mbili: ya kupakua na ya kupakia. Ya kupakua huwa pana, na ndiyo ile 18 uliyoipima. Ya kupakia huwa nyembamba zaidi, khasa ukiwa mbali na mnara au ndani ya nyumba, kwa sababu simu yako ina nguvu ndogo ya kurusha mawimbi kuliko mnara. Sasa katikati ya mechi, simu ya mwenzako mmoja inaamua kupandisha picha za leo kwenye hifadhi ya mtandaoni, au mwengine aliyekwisha kufa mara moja anatumia sekunde zile za kusubiri kuweka video kwenye status. Data ile inamiminika kwenye hotspoti kwa haraka kuliko njia ya kupakia inavyoweza kuitoa. Haimwagwi; inawekwa foleni ndani ya simu yako. Na pakiti ndogo ya gemu ikifika, inawekwa nyuma ya foleni hiyo hiyo.

Tupige hesabu. Sema njia yako ya kupakia usiku imebaki megabiti 1 kwa sekunde, na foleni ina kilobaiti 60 tu, ambazo ni kipande kidogo cha video. Kilobaiti 60 ni kilobiti 480, kwa hiyo pakiti yako itasubiri karibu milisekunde 480 kabla haijatoka hata nje ya baraza. Jumlisha na 180 yako ya usiku: unapita 600. Naamini namba uliyonipa imetokea kwa namna hii au kwa namna inayofanana sana na hii. Kipimo chako cha kasi hakikuweza kukuonyesha, kwa sababu ulipima wakati njia iko tupu na ukatazama namba ya kupakua. Baadhi ya programu za kupimia siku hizi huonyesha pingi tatu: ya njia ikiwa imetulia, ya wakati wa kupakua na ya wakati wa kupakia. Tazama hiyo ya tatu. Ikiwa ya kwanza ni 100 na ya tatu ni 500, basi mshitakiwa umempata.

Hotspoti yenyewe inaongeza kero nyingine. Kwenye mawimbi ya 2.4 GHz, simu zote zinazungumza kwa zamu, na anayekaa mbali au nyuma ya ukuta mnene anatumia muda mrefu kusema neno lile lile, huku wengine wakisubiri. Simu yako kama inaruhusu hotspoti ya 5 GHz, iwashe. Haifiki mbali, lakini barazani mmekaa hatua chache tu.

Na ile 180 ya kukaa? Hiyo nadhani ni ya mnara au ya njia inayoutoa mnara kwenda Bara. Baada ya Isha watu wamerudi nyumbani, kila mmoja ana video yake, na mnara unagawa muda wake kwa wote. Hiyo si ya kwako kuitengeneza, lakini unaweza kuikwepa, nitakuambia.

Usiniamini tu, hakikisha. Chagua usiku wa kawaida, saa zile zile mnazocheza. Zima hotspoti, cheza peke yako kwa data ya simu mechi moja, ukiitazama pingi. Kisha washa hotspoti, wenzako waunge lakini wasicheze, simu zao ziachwe kama zilivyo, nawe cheza mechi ya pili. Mara ya kwanza ikiwa 180 isiyoruka, na mara ya pili mruko ukarudi, basi 180 ni ya mnara na mruko ni wa foleni ya hotspoti. Ukiona inaruka hata ukiwa peke yako, angalia simu yako mwenyewe inapakia nini kwa siri, kisha shuku ishara dhaifu. Sogea uwanjani penye mtandao mzuri ujaribu tena.

Kuna kipimo kingine cha kutofautisha mtandao na simu, nacho hakihitaji programu. Gemu ikianza kusumbua, buruta kamera ya ramani kwa kidole. Kamera ikitembea laini huku wahiro wameganda au wanaruka kutoka hapa kwenda pale, tatizo ni mtandao. Kamera yenyewe ikikatakata, vitufe vikichelewa kuitikia, na pingi imebaki kijani, tatizo ni simu: imepata moto na imejipunguzia kasi ili isiungue. Kwa fremu 60 kwa sekunde kila picha huchukua milisekunde 17 hivi. Simu ikishuka fremu 20, kila picha inachukua 50. Hilo nalo ni ucheleweshaji, tena pingi hailionyeshi kabisa. Wewe simu yako ilikuwa mnara wa wenzako wanne, inacheza gemu, na pengine iko kwenye chaji, yote kwa pamoja, katika joto letu. Sishangai ilivyoungua.

Kwa hiyo tiba ya kwanza haina gharama: acheni kuunga wote kwenye simu moja. Kila mmoja acheze kwa laini yake, na ikiwezekana laini za kampuni tofauti, maana mnara uliojaa wa kampuni moja unaweza kuwa mtupu kwa nyingine. Azimeni laini kwa usiku mmoja, kila mmoja aandike pingi ya saa mbili, ya saa tatu na ya saa nne, mtajua ipi inafaa pale Wete kwa saa zenu. Laini ni nafuu kuliko bando kubwa. Anayelazimika kuunga kwa mwenzake azime kwanza kupandisha picha, masasisho ya programu na video za kujicheza zenyewe.

Kuhusu VPN, wakati mwengine inasaidia kweli: njia ya kampuni yako ikiwa inazunguka vibaya, kwa mfano data ya kwenda kusini mwa Afrika ikapelekwa kwanza Ulaya, VPN yenye kituo karibu inaweza kuikata kona hiyo. Lakini haiwezi kuondoa foleni iliyo ndani ya hotspoti yako wala msongamano wa mnara, kwa sababu inapita humo humo. Kwa tatizo lako haitosaidia, na itaongeza kituo kimoja njiani. Zile programu za bure zinazojiita za kushusha pingi ningekuomba uziepuke. Data yako yote inapita mikononi mwa mtu usiyemjua, na nyingi zinaomba ruhusa ambazo gemu haizihitaji.

Faiba ya nyumbani ndiyo dawa nzuri zaidi pale inapopatikana, lakini usilipie kabla hujamwendea jirani mwenye nayo ukapima kwake saa tatu usiku. Ukipata, tafuta ruta inayokuwezesha kuweka kikomo cha kasi ya kupakia; ukikiweka chini kidogo ya uwezo wa njia, ile foleni haijengeki.

Kwamba seva zinawaonea Waafrika, naielewa hasira iliyomo, lakini seva haiangalii rangi. Inaangalia umbali, na umbali unaamuliwa na kampuni inapoona wateja wengi. Hata Marekani, wachezaji wa League of Legends wa pwani ya mashariki walilalamika miaka mingi kwa kuwa seva zilikuwa upande wa magharibi, mpaka Agosti 2015 Riot Games, kampuni yenye gemu hiyo, ilipozihamishia Chicago. Sisi tunachodai ni seva karibu na kwetu, na hilo ni dai la haki kabisa. Dota 2 ina seva Afrika Kusini na Dubai na inakuruhusu kuchagua. Anayecheza kwenye kompyuta na apime zote mbili badala ya kubahatisha, kwani iliyo karibu kwenye ramani si lazima iwe karibu kwenye mkongo.

Timu mbovu unapokaribia kupanda nayo ina maelezo. Mifumo ya kupanga mechi ina asili katika hesabu ya Arpad Elo ya sataranji: unaposhinda alama yako inapanda, na unapewa wapinzani wa alama ile. Karibu na kupanda ndipo unapokutana na walio bora kuliko uliowazoea. Halafu kuna bakhti. Hata ungekuwa na nafasi sawa ya kushinda na kushindwa kila mara, katika mechi 100 uwezekano wa kupigwa tano mfululizo angalau mara moja unapita robo tatu. Na ongeza kwamba ulikuwa ukicheza mechi zako za ranki usiku, kwa pingi inayoruka. Cheza za ranki asubuhi yenye 100, usiku cheza za kawaida, uone tofauti.

Mpaka mtandao utengemae, chagua wahiro kwa busara. Fanny na kamba zake anataka vidole na pingi vikubaliane kwa kila mruko. Kwa 180 utajigonga ukutani. Tigreal au Estes anavumilia zaidi, kwa kuwa kazi yake ni kusimama mahali panapofaa kwa wakati unaofaa, na hilo unaweza kulipanga sekunde mbili kabla.

Lini uende kwa watu ana kwa ana? Kwa fundi wa simu, leo, nimeshasema. Kwa kampuni ya simu, kama baada ya majaribio yale ukiwa peke yako bado pingi inapanda kila usiku: andika wiki nzima tarehe, saa, mahali na namba, piga picha za kioo, uende ofisini kwao na karatasi hiyo. "Mtandao mbovu" hawawezi kuifanyia kazi, lakini mnara uliojaa kila siku saa tatu wanaweza kuutafuta. Wasipokushughulikia, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, inapokea malalamiko ya watumiaji na ina ofisi Zanzibar.

Na kuhusu Chake Chake: waulize waandaaji mapema kama wachezaji wote kumi wataunga kwenye ruta moja. Ikiwa ndivyo, waombe mambo mawili: ruta hiyo isitumike kurusha mechi moja kwa moja mtandaoni, kwa sababu kurusha video ni kupakia bila kupumzika, na watazamaji wasipewe nenosiri lake. Wakiweza, warushe kwa laini ya pembeni. Nendeni na laini mlizozipima, fikeni kabla ya muda, chezeni mechi moja ya majaribio palepale ukumbini, na simu zote ziwe zimejaa chaji ili asicheze mtu huku simu iko kwenye waya.